Weka Kidole Panapouma: Kuuelewa Mgongo wa Miezi ya Mwisho ya Ujauzito

Nilikuwa na mimba ya wiki 33, nikiishi ghorofa ya nne mtaani Umoja, Nairobi, na kila asubuhi nilishuka ngazi nikijishikilia ukutani. Kliniki niliambiwa, "Ni kawaida, mama, mimba ikikua mgongo huuma." Nikapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, akanishauri nitembee sana ili mtoto ashuke na mgongo upoe. Nikamtii. Siku moja nilitembea kutoka Umoja hadi Donholm na kurudi. Usiku ule nilishindwa kujigeuza kitandani, ikabidi mume wangu anigeuze.

Wiki iliyofuata nilimwona mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli. Kabla ya kunigusa aliniambia: "Weka kidole kimoja panapouma." Kidole changu hakikwenda mgongoni. Kilishuka chini ya kiuno hadi kwenye kile kishimo kilicho juu ya kalio la kulia. Miezi miwili nzima nilikuwa nikilalamikia mgongo, kumbe kilichouma ni kiungo cha nyonga, na ule mwendo mrefu niliodhani ni dawa ndio uliokuwa ukinichokonoa.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba neno "mgongo" linawaponza wajawazito wengi. Ndani yake tunatia maumivu manne au matano yasiyofanana, kisha tunayatafutia dawa moja.

Mzigo usiotulika

Mtu anayebeba mtungi wa lita 20 mbele ya tumbo huegemea nyuma kidogo bila hata kufikiri, la sivyo ataanguka kifudifudi. Mimba hufanya vivyo hivyo, ila mtungi huu huwezi kuutua. Mama aliyekuwa na uzito wa wastani kabla ya kushika mimba hutarajiwa kuongezeka kilo 11 hadi 16 hivi kufikia mwisho, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa mbele. Ili asimame wima, mama hurudisha mabega nyuma na kiuno chake huingia ndani zaidi. Misuli midogo inayopakana na uti wa mgongo hukaza kutwa nzima. Ile ya tumbo, ambayo kwa kawaida huisaidia, imenyooshwa mpaka imekuwa dhaifu, na mara nyingine ile mikanda miwili ya katikati imeachana.

Hapo ongeza homoni. Relaksini na projesteroni hulegeza kano zinazofunga viungo vya nyonga, ili mtoto apate njia siku ikifika. Nyonga si mfupa mmoja. Mbele, juu ya kinena, mifupa miwili hukutana kwenye kiungo kimoja, na nyuma kuna viungo viwili vinavyoishikisha nyonga na uti wa mgongo. Kano zikilegea, viungo hivi huanza kuchezacheza, na misuli iliyo karibu hulazimika kufanya kazi ya kano juu ya kazi yake yenyewe.

Mwili wa mwanamke lakini haukuachwa bila maandalizi. Mwaka 2007 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Katherine Whitcome na wenzake, ulioonyesha kwamba pindo la kiuno cha mwanamke, pale mgongo unapoingia ndani, limegawanywa kwenye pingili tatu za uti wa mgongo, ilhali la mwanamume liko kwenye pingili mbili. Pindo likienea hivyo, mjamzito anaweza kuegemea nyuma bila pingili moja kubeba msukumo wote. Watafiti hao waliiona tofauti hiyo hiyo hata kwenye visukuku vya viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili kusini mwa Afrika yapata miaka milioni mbili iliyopita. Nilipoisoma habari hii nilifarijika. Mgongo wangu ulikuwa ukifanya kazi uliyoumbiwa, katika jiji lenye ngazi nyingi na maji machache.

Kidole kinasema nini

Kidole kikienda katikati ya kiuno, kwenye usawa wa kitovu au chini yake kidogo, huenda hayo ni maumivu ya misuli na viungo vya kiuno. Huzidi ukisimama sana, ukikaa sana au ukiinama, na jioni huwa mabaya kuliko asubuhi. Haya hupenda mwendo. Ukijinyoosha au ukitembea kidogo, yanapungua.

Kidole kikishuka hadi kwenye vile vishimo juu ya makalio, au kikija mbele juu ya kinena, hiyo ni nyonga. Dalili yake kubwa ni kwamba inauma ukifanya kitu kwa mguu mmoja: kupanda ngazi, kuvaa suruali ukiwa umesimama, kujigeuza kitandani, kushuka kwenye matatu mguu mmoja ukitangulia. Wengine husikia kitu kikigonga mbele. Haya ndiyo yaliyonipata mimi, na ndiyo ambayo ushauri wa "tembea sana" huyazidisha. Dawa yake ni kuiweka miguu pamoja. Vaa nguo ukiwa umeketi. Panda ngazi kidato kimoja kimoja, ukitanguliza mguu usiouma na kuusubirisha mwenzake. Ukitoka kwenye gari, geuza magoti yote mawili kwa pamoja kwanza, ndipo uinuke. Tembea, lakini safari fupi fupi.

Maumivu yakianzia kwenye kalio yakashuka kama umeme nyuma ya paja hadi chini ya goti, pamoja na ganzi au kuchomachoma, kuna neva iliyobanwa. Wajawazito wengi hudhani wanayo hii, ila kwa hakika ni wachache. Wengi wao wana nyonga tu.

Yakiwa upande mmoja, chini ya mbavu, na pakigongwa kidogo unaruka, achana na mazoezi, fikiria figo. Nitarudi huko.

Kufua, maji na matatu

Sehemu hii ndiyo ninayoijali kuliko zote, kwa sababu mgongo wa mama wa Nairobi hauumizwi na mimba peke yake. Unaumizwa na mimba pamoja na beseni.

Tumelelewa kufua tukiwa tumeinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, beseni liko sakafuni bafuni au juu ya paa kwenye kamba za nguo. Mwili ukiinama hivyo, misuli ya mgongo hushikilia uzito wa kifua chote na wa mimba, na hukaa hivyo saa nzima. Kisha kuna kukamua jinzi na shuka, ambako huongeza kujipinda. Njia rahisi ni kuliinua beseni. Liweke juu ya stuli imara, au juu ya kreti mbili za soda, lifike usawa wa nyonga zako, kisha ufue ukiwa umesimama wima au umeketi kwenye kiti. Nguo chache kila siku ni afadhali kuliko lundo la Jumamosi. Shuka na blanketi ziachwe kwa mtu mwingine, na kama kuna shilingi za kumlipa mama fua mara moja kwa wiki, hizo si anasa. Kupiga deki kwa tambara la mkono pia kusimame miezi hii. Tambara la mpini mrefu linatosha, na ukikosa, sakafu inaweza kungoja.

Maji ni suala zito zaidi. Mitaa mingi huyapata kwa zamu, na siku yake ikifika watu hupandisha mitungi hadi ghorofa ya tano. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 kamili, na ukibebwa kwa mkono mmoja huvuta nyonga upande mmoja, kitu ambacho viungo vilivyolegea haviwezi kustahimili. Mjamzito wa miezi minane asipandishe mtungi huo. Nalisema wazi kwa kina baba wanaosoma: hii ni kazi yenu, au mtafute kijana wa kulipa. Kama kweli hakuna mtu, gawa maji kwenye vidumu viwili vya lita tano, kimoja kila mkono, na upumzike kila ghorofa.

Kwa mtoto mdogo aliye nyumbani, mfundishe kupanda kwenye kochi ndipo umpakate, badala ya kumwinua kutoka sakafuni. Kumbeba ubavuni, nyonga moja ikiwa imetokeza, ndiyo namna mbaya kuliko zote.

Ndani ya matatu, kiti cha nyuma kabisa kiko juu ya magurudumu, na kila tuta hukurusha. Tafuta kiti cha katikati, kunja leso (kanga) uiweke kwenye pindo la kiuno, na mwambie konda mapema kwamba utashuka polepole. Wengi husikia. Mwenye kufika kazini kwa pikipiki, miezi hii aiache. Mitetemo ni kitu kidogo, kinachonitisha ni kuanguka.

Halafu kuna kazi yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na wengi wetu huitunza hadi siku za mwisho ili tukae na mtoto. Matokeo yake ni kwamba mwanamke husimama kwenye kaunta ya supamaketi, au darasani, hadi wiki ya 38. Mama mboga hana hata hiyo likizo. Anayesimama aweke mguu mmoja juu ya kitu kifupi, kama boksi au tofali, kisha abadilishe baada ya dakika chache. Kiuno hupumua. Anayeketi aweke magoti chini kidogo ya usawa wa nyonga, na ainuke kila baada ya nusu saa. Viatu viwe na kisigino kifupi kilicho kipana. Kandambili bapa kabisa nazo hazisaidii kama watu wanavyodhani.

Usiku

Kuanzia wiki ya 28 lala ubavu. Tafiti zilizofanywa New Zealand, Australia na Uingereza zimehusisha kulala chali katika miezi hiyo na hatari ya mtoto kufia tumboni, kwa kuwa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ubavu wa kushoto au wa kulia, wowote unafaa. Ukiamka ukajikuta chali, usiogope, geuka tu urudi kulala.

Kwa mgongo, mto mmoja uwe kati ya magoti na ushuke hadi kwenye vifundo vya miguu. Wengi huuweka magotini tu, mguu wa juu ukaning'inia na kuvuta nyonga. Leso iliyokunjwa chini ya tumbo huzuia mimba isikuvute mbele. Ukitaka kujigeuza, kunja magoti, yabane pamoja, ugeuke mabega na nyonga kwa wakati mmoja kama gogo. Kuamka ni hivyo hivyo: geuka ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mikono. Mimi hili peke yake lilinipunguzia nusu ya kilio cha usiku.

Mazoezi ambayo hayahitaji jimu

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu huduma ya wajawazito, yale yale yaliyopandisha idadi ya mahudhurio ya kliniki hadi manane. Kuhusu mgongo yalisema mambo mawili: mama afanye mazoezi ya mara kwa mara kipindi chote cha mimba ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga, na yakishamfika, anaweza kuchagua fiziotherapia, mkanda wa kushikilia mimba au tiba ya sindano za akupancha, kulingana na apendavyo na kinachopatikana. Kwa hiyo ukiambiwa "vumilia", ujue yapo mengine ya kufanya.

Zoezi nililolipenda ni la kupiga magoti na viganja sakafuni, mgongo umelala kama meza. Unatoa pumzi ukiuinua mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha unaurudisha usawa wa meza bila kuuacha uzame. Mara kumi, asubuhi na jioni. Katika mkao huo uzito wa mimba huning'inia mbali na uti wa mgongo, na wengi hupata nafuu kwa kukaa hivyo tu. La pili ni la ukutani: simama mgongo umegusa ukuta, miguu mbele kidogo, magoti yamelegea, kisha bana kiuno kiguse ukuta, hesabu hadi tano, achilia. La tatu ni kukaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, kisha kuiachilia. Misuli hiyo ndiyo sakafu ya nyonga, na ikiwa imara viungo vilivyolegea hupata wa kuvishika. Kuogelea nako ni kuzuri kwa anayepata bwawa, maana maji hubeba mimba kwa niaba yako.

Kama una damu inayotoka, shinikizo la damu, kondo la nyuma lililokaa chini au umeambiwa upumzike, uliza kwanza kliniki kabla ya zoezi lolote.

Kuhusu mkanda: ufungwe chini ya tumbo, ukizunguka nyonga, si juu ya tumbo. Leso iliyokunjwa upana wa kiganja na kufungwa hivyo hivyo hufanya kazi inayokaribiana nao, na bibi zetu walilijua hilo. Ufungue ukiketi au ukilala, ili misuli isizoee kubebwa siku nzima.

Dawa, joto na mikono

Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo, dakika 15 hadi 20 kiunoni, ni salama. Yasiwe ya moto wa kuchoma, na yasiwekwe tumboni.

Parasetamoli ndiyo dawa ya kwanza kufikiriwa. Tembe za miligramu 500, moja au mbili, kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, zisizidi nane kwa saa 24, na uwaambie kliniki kwamba unazitumia. Tatizo ni dawa nyingine ambazo duka la dawa la mtaani linaweza kukuuzia ukisema tu "mgongo": ibuprofeni, diklofenaki, hata sindano yake. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa za kundi hili zikitumiwa kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Kuanzia wiki ya 30 zinaweza pia kufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake, ambao anauhitaji hadi atakapozaliwa. Mafuta ya kuchua yenye diklofenaki au salisileti nayo uyaulizie kwanza. Ila kama daktari amekupa asprini ya kiwango kidogo kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, hiyo ni habari nyingine, usiikatize. Sema "nina mimba" kabla ya kusema panapouma, hata kama tumbo linaonekana.

Na kukandwa? Mgongo, mabega na makalio yakikandwa taratibu ukiwa umelala ubavu au umeketi ukiegemea mbele, ni raha na ni salama. Kukandwa tumbo ili "mtoto akae vizuri" ni jambo nisiloweza kulinyamazia, kwa kuwa bado linafanyika mitaani mwetu. Kulisukuma na kulibonyeza tumbo kunaweza kubandua kondo la nyuma na kuleta damu. Mtoto aliyekaa vibaya ageuzwe na daktari hospitalini, ambako mapigo ya moyo wake yanafuatiliwa na upasuaji uko karibu.

Wakati wa kutongoja tarehe ya kliniki

Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, yakianzia kiunoni na kuzunguka hadi mbele, huku tumbo likikaza, huenda ni uchungu wa kuzaa. Kigezo kizuri ni kubadili mkao: mgongo wa kawaida hutulia ukilala au ukijinyoosha, uchungu hauangalii umekaaje, na kila unaporudi huwa mkali zaidi. Kabla ya wiki ya 37 usisubiri hata saa moja kuhakikisha.

Homa, baridi ya kutetemeka, kichefuchefu, mkojo unaochoma au wenye harufu, pamoja na maumivu chini ya mbavu upande mmoja, mara nyingi wa kulia, ni dalili za maambukizi ya figo. Mimba hupanua mirija ya mkojo na kuufanya utuame, ndiyo maana wajawazito hushikwa kirahisi. Yasipotibiwa yanaweza kuleta uchungu kabla ya siku zake. Kipimo cha mkojo ni cha dakika chache.

Damu ukeni, maji kuvuja, mtoto kupunguza kucheza, maumivu makali yasiyoachia pamoja na tumbo gumu kama ubao: nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu, uso umevimba, au panauma chini ya mbavu za kulia. Na ukipata ganzi kati ya mapaja, pale unapokalia, au ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, hiyo ni dharura ya neva, nadra lakini haingoji kesho.

Kama hakuna lolote kati ya haya, bado una haki ya kusaidiwa. Nilichelewa kujifunza jinsi ya kusema kliniki, kwa hiyo nakuachia maneno yenyewe. Usiseme, "Sista, mgongo unauma." Sema: "Sista, panauma hapa," uweke kidole. "Pamenianza wiki tatu sasa. Hunizidi nikipanda ngazi na nikijigeuza usiku, hupungua nikiketi. Sina homa, mkojo hauchomi, mtoto anacheza. Naomba unipime mkojo, na uniandikie barua ya kwenda fiziotherapia." Iandike kwenye karatasi, uichomeke ndani ya kijitabu cha mama na mtoto usiku wa kuamkia kliniki.